Mradi wa shule zetu tuuiteje: Mtwali, Tendaguru au Bangua?

Mwalimu wa Kiswahili, Mtwara (mwanzisha mada)
Wadau, shule nne, mbili za Mtwara na mbili za Lindi, zinaanza mradi wa pamoja mtandaoni. Wanafunzi watahoji wazee, watapiga picha, watachora ramani za vijiji vyao, kisha wataandika kurasa kwa ushirikiano: wa Newala anaanza aya, wa Kilwa anaimalizia. Kompyuta ni chache lakini zipo. Kilichokwama ni jina, na hii ni wiki ya tatu.

Kamati ya walimu (nami nimo, sijitoi) imekuja na MTWALI, yaani Mtwara na Lindi. Mimi nalikataa. Nilimtajia mama mmoja sokoni, akaniuliza, "Huyo Mtwali mtoto wa nani?" Jina la kutangulizwa na maelezo, mtoto atalisahau kabla hajafika kwao.

Langu ni BANGUA. Linaandikwa kama linavyotamkwa, hata ukilitaja redioni hakuna wa kuuliza lina h au halina. Na kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea, nani hajaona watu wamekaa wanabangua korosho? Unavunja ganda gumu, unaitoa nzima bila kuipasua. Kazi tunayowapa watoto haina tofauti sana na hiyo. Semeni, kura ni Ijumaa.

Mstaafu wa ushirika, Ruangwa
Mwalimu, usidharau majina ya kuunganisha. RUNALI, chama chetu kikuu cha ushirika wa wakulima, ni Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na msimu wa mnada ukifika hakuna mkulima anayeuliza ni mtoto wa nani. Hata nchi hii: tumeungana Aprili 1964, Oktoba mwaka huohuo ndipo tukaitwa Tanzania, kwa kuchukua kipande cha Tanganyika na kipande cha Zanzibar. Na hilo nalo lilikuwa geni mdomoni.

Mwalimu wa Historia, Lindi
Shikamoo mzee wangu. RUNALI limezoeleka kwa sababu linaleta pesa, mradi wa watoto hauleti. Mimi nasema TENDAGURU. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale kilimani mifupa ya dinosaria, vibarua wetu wakaibeba vichwani hadi bandari ya Lindi. Mjusi yule leo amesimama Berlin, kimo zaidi ya mita 13, na watoto wa hapa wengi hawajui kilima kiko upande gani. Tukiuita mradi Tendaguru, walau jina litakuwa limerudi nyumbani.

Mzazi, Mikindani
Hoja nzuri, kaka, ila Tendaguru iko Lindi. Sisi Mtwara tumekaa wapi humo? Halafu mwanangu akiliandika kwenye simu kutafuta kurasa zao, atakutana na makumbusho ya Wajerumani kwanza. Jina lenye mwenyewe tayari mtalipigania kila siku.

Mbanguaji wa zamani, Masasi
Naona mnalisifia Bangua kama wimbo. Mimi nimebangua kwa mikono. Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma. Ukiyashika bila kinga ngozi inababuka, vidole vinakuwa vyeusi, wiki nzima unaona haya kumpa mtu mkono. Tulikuwa tunajipaka majivu. Malipo yalikuwa kwa kilo, na ukiipasua thamani inashuka. Na leo hii korosho zetu nyingi zinapanda meli zikiwa ghafi, wa kubangua yuko India au Vietnam. Sasa nyie mnataka watoto wavae jina la kazi ambayo hata hatujaachiwa tuifanye?

Mwanzisha mada
Mama, hilo la mikono sikulifikiria, na nakiri nimeandika kama mtu aliyeona ubanguaji kwa kupita tu. Lakini hilo la korosho ghafi ndilo linalonizidishia kiu. Habari za huku nazo zinaondoka ghafi. Mgeni anakuja, anamhoji babu, anaondoka na kinasa sauti, tunakuja kusoma wenyewe baadaye kwa lugha isiyo yetu. Safari hii wabanguaji ni watoto wetu. Maneno yako haya, ukiridhia, yawe ukurasa wa kwanza wa mradi.

Mzazi wa Mikindani, onyo lako linanigusa hata mimi: nimetafuta "bangua" mtandaoni, zikaja mashine za kubangulia. Basi anwani yetu iwe na neno la pili, na mwisho wake tutumie .sc.tz ya shule, tusipotelee kwenye biashara za watu.

Mwanafunzi, kidato cha pili, Kilwa
Shikamooni. Sisi wenye mradi hatujaulizwa. Kwetu ni samaki na ufuta, mimi sijawahi kubangua hata korosho moja. Ila MTWALI tumelicheka darasa zima.

Mwanzisha mada
Marahaba mwanangu, umetushika pabaya. Basi Ijumaa watapiga kura wanafunzi peke yao, kamati itakaa pembeni. Mwenye jina jingine alilete kabla ya Alhamisi jioni. Lisizidi herufi nane, na bibi yake aweze kulishika kwa simu yenye mtandao mbovu.

Mwalimu wa Historia, Lindi
Tendaguru ina herufi tisa, mwalimu. Umenilenga.