Yule mzee wa jopo KAPASUA YAI LANGU la siku ya 18!!!

Wakuu, nimetoka kwenye difensi, kutetea projekti ya mwaka wa nne chuoni mbele ya jopo, sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule mzee mnamjua. Wote mliosoma umeme pale mnamjua, akikohoa tu nusu ya darasa inapata sapu, inarudia mtihani. Simtaji. LEO KAPASUA YAI.

Projekti yangu ni mashine ya kutotolesha vifaranga. Mayai ya kienyeji, Arduino (kibodi cha kompyuta ndogo kinachoongoza mashine), sensa ya joto na unyevu, mota ya kugeuza trei, betri ya kushika umeme ukikatika. Nyuzijoto 37.5 usiku na mchana. Ikipita 40 ikakaa huko, vifaranga wanafia ndani. Nimelala sakafuni pembeni ya hilo boksi mpaka mbavu zimechukua umbo la marumaru.

Yai la kuku linachukua siku 21. Leo ilikuwa ya 18, siku ya kuacha kugeuza na kupandisha unyevu, na mlango haufunguliwi hovyo. Yote hayo yamo kwenye ripoti. Ripoti ilikuwa chini ya sahani yake ya sambusa.

Namaliza kueleza, anauliza, "Nitajuaje kama humo kuna kifaranga?" Tochi ilikuwa mezani. TOCHI! Unazima taa, unamulika yai, unaona kivuli cha kifaranga na nafasi ya hewa kule upande mnene. Nainyanyua nimpe, mzee kashafungua mlango, kachukua yai, kaligonga kwenye ukingo wa meza kama anakaanga chips mayai!

Kifaranga alikuwa na manyoya tayari. Mguu mmoja unacheza. Jopo zima kimya. Mzee anafuta vidole kwenye ripoti YANGU, anasema, "Kumbe kweli. Lakini hizi si zinauzwa Kariakoo?"

Kariakoo! Mimi nimetengeneza ya mama anayefuga uani, umeme ukikatika usiku asipoteze trei nzima, naambiwa Kariakoo. Na mlango kauacha wazi, feni inapuliza, namba kwenye skrini zinashuka 36, 35, yeye anauliza mbona marejeleo hayajapangwa kwa alfabeti. Tochi ilikuwa mezani, wakuu. Mezani!

MzeeWaRilei: Pole sana mkuu. Huyo huyo mwaka wetu alisema tumwonyeshe kama fyuzi inafanya kazi. Ikaungua. Akaandika "sakiti imekufa".

Kidari_na_Paja: Dogo, uzi mzima wa yai moja? Sisi tunapasua matatu kila usiku na hatujaja kulia jukwaani.

Mleta uzi: Mkuu hujasoma. Siku ya 18! Hilo si yai tena, ni kuku kabakiza siku tatu. Na tochi ilikuwa MEZANI.

Kidari_na_Paja: Sasa tochi si ungemmulika yeye 😂😂

ZegeHalilali: Watu wa umeme mnadeka. Sisi sivo, watu wa ujenzi, tumemwaga vipande vya zege, vinakaa kwenye maji, vinavunjwa siku ya 28. Siku ya 28 imefika, fundi wa maabara kaenda msibani na ufunguo. Tumevivunja wiki mbili baadaye, supavaiza anatuuliza mbona zege lina nguvu kuliko tulivyokadiria. Linazidi kukomaa mzee wangu, wewe ndiye ulitufundisha!

BintiMakanika: Afadhali nyie mnagombana na wazee. Mimi grupu ya watu watano, kuchomelea mimi, kununua vyuma mimi, kuandika ripoti mimi. Siku ya difensi kaka mmoja kaibuka na suti, kashika rimoti ya slaidi, kapata A. Mimi B+, eti sijiamini.

ZegeHalilali: Kila grupu ina mtu wa suti. Wetu hata mradi hakujua ni wa nini, alisema "daraja". Ilikuwa kalvati.

MzeeWaRilei: Wetu sasa hivi ni bosi, msimseme vibaya, nimemtumia CV 😭

Nusu_Boom: Samahani kwa kuingilia. Jalada la ripoti mwaka huu ni bluu au maruni? Nimetoa nakala tatu za bluu, idara wamezikataa.

BintiMakanika: Maruni. Bluu ni ya masta.

ZegeHalilali: Nani kakudanganya? Bluu ndiyo ya digrii ya kwanza tangu enzi na enzi.

Nusu_Boom: Jamani mbona mnanichanganya, steshenari ya getini inafunga saa mbili na yule dada harudishi hela.

MzeeWaRilei: Yule dada wa getini?? Ngoja nifungue uzi wake.