Mbwa wetu wa ulinzi amepoteza uchangamfu tangu baridi ianze: naomba ushauri

Mkaaji wa Katuba

Ndugu wapendwa, ninawasalimu kutoka Lubumbashi. Tuna mbwa dume wa miaka saba hivi, mwenye manyoya mafupi, mwembamba kama walivyo mbwa wengi wa kienyeji wa hapa, na kazi yake ni kulinda nyumba usiku. Tangu baridi ya mwezi wa sita ishike, amebadilika. Usiku hazunguki tena uani. Hujikunja pembeni mwa baraza, pua ameificha chini ya mkia, na kila nikichungulia dirishani namwona ameinuka, amejizungusha papo hapo, amejilaza upya. Jua likipanda hujinyoosha kando ya ukuta na kulala hadi alasiri, hata watoto wakirudi kutoka shuleni hainui kichwa. Chakula anakimaliza. Je, hii ni baridi tu, au kuna ugonjwa? Jirani ananishauri nitafute mbwa mwingine kwa kuwa huyu amezeeka, jambo ambalo moyo wangu umelikataa.

Mama wa Kampemba

Pole, ndugu yangu. Wa kwangu huwa hivyo kila kiangazi, yaani msimu wetu huu wa ukavu na baridi, na joto la mwezi wa tisa likirudi anachangamka. Huyo wako analala juu ya nini?

Mkaaji wa Katuba

Asante, Mama. Analala juu ya saruji. Tulimtandikia gunia, lakini alfajiri tunalikuta limelowa umande.

Fundi wa Mifugo

Ndugu, hapo kwenye saruji na gunia bichi ndipo ningeanzia, kabla ya kuusingizia uzee.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39, na mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200, ambapo usiku wa mwezi wa sita na wa saba hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10 ijapokuwa mchana watu wanavaa mashati mepesi. Mbwa mwembamba wa manyoya mafupi hana mafuta chini ya ngozi wala manyoya ya ndani ya kumkinga, kwa hiyo hujikunja ili sehemu ya mwili inayoguswa na hewa ipungue, na hilo lisipotosha huanza kutetemeka. Kutetemeka ni kazi ya misuli na kunakula nguvu nyingi. Tena mnyama anapoingia katika usingizi wa ndoto, misuli yake hulegea, na uwezo wa kujipasha joto kwa kutetemeka husimama kwa muda. Ndiyo maana mwili uliopoa huukatakata usingizi huo. Kule kuinuka na kujizungusha unakokuona dirishani ni mbwa anayenyimwa usingizi, na usingizi wa mchana juani ni deni analolilipa. Siuoni uvivu hapo.

Mjengee kibanda kidogo, kinachomtosha kusimama, kugeuka na kulala tu, kwa sababu joto la ndani litatoka kwenye mwili wake mwenyewe na kibanda kikubwa hakitapata joto hata kidogo. Sakafu iwe ya mbao, iliyoinuliwa juu ya matofali ili hewa ipite chini. Upepo wa kiangazi hapa kwetu huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo mlango uelekee kaskazini, ambako pia jua la mwezi wa sita hupitia. Ndani tandika nyasi kavu kwa wingi, hadi azame; nyasi hushika hewa yenye joto katikati yake, ilhali gunia na blanketi hunyonya unyevu na kumpoza. Zibadilishe zikianza kulowa au kunuka, na uangalie viroboto.

Mfugaji wa Kipushi

Mimi ningemfungia katika ghala usiku pamoja na jiko la makala, yaani makaa, lililokwisha kuwaka vizuri, lisilo na moshi. Atapata joto mara moja.

Fundi wa Mifugo

Ndugu wa Kipushi, nakusihi usifanye hivyo, wala kwa mbwa wala kwa watu. Makala yasiyotoa moshi bado yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa huua aliyelala pasipo yeye kuamka.

Mama wa Kampemba

Naongeza jambo la chakula. Mbwa anayelala nje wakati wa baridi anahitaji chakula zaidi, na bukari (ugali) tupu haitoshi. Mimi huchanganya ndakala, wale samaki wadogo wakavu, au mabaki ya nyama yasiyo na chumvi nyingi wala vitunguu, na fungu kubwa nampa jioni, maana mwili unaomeng'enya chakula hutoa joto. Ongeza kidogo kidogo huku ukipapasa mbavu zake. Na maji yasikosekane, kwa kuwa hewa ya kiangazi ni kavu.

Mkaaji wa Katuba

Nimewaelewa, na mbao nimekwisha kuziagiza. Nimemtazama kwa makini leo: fizi zake ni za waridi na mkojo ni wa kawaida. Ila asubuhi miguu ya nyuma ni mizito, anainuka kwa shida, kisha akitembea kidogo anakuwa sawa. Naweza kumpa kidonge cha maumivu tulichonacho nyumbani?

Fundi wa Mifugo

Hapana. Ibuprofeni ya watu huweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na parasetamoli nayo ni hatari. Ulivyoeleza inafanana na baridi yabisi ya viungo, ambayo baridi ya usiku huizidisha. Matembezi mafupi ya saa nne, jua likiwa limepasha ardhi, yatamsaidia kuliko ya alfajiri. Lakini apimwe, na Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi kina kitivo cha utabibu wa wanyama, kwa hiyo wataalamu hawako mbali. Fizi zikipauka, mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa, akikataa chakula au akiwa na homa, usingoje siku ya pili, kwani homa ya kupe nayo huanza kwa uchovu kama huu. Kadhalika ukimkuta amepoa, ameacha kutetemeka na anayumbayumba, mfunike, muingize ndani na umpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo.