Kijana aliyekufa kwa ugonjwa kambini, huyo si shujaa wa vita?

Wakuu, kuna hoja huwa inatolewa kila tunapozungumzia mashujaa: anayestahili kuandikwa jina kwenye mnara ni aliyeanguka akipigana. Kijana aliyetolewa kijijini, akafunzwa kwata na bunduki, akafa kwa kuhara damu au nimonia kabla hajamwona adui, huyo tumwombee dua tu, yaishe. Napinga, tena kwa nguvu zote.

Chukueni vita vya 1914–1918 hapa kwetu. KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika), wale keya wa babu zetu, ilianza na askari elfu mbili na ushee, ikamaliza na zaidi ya 30,000. Vijana walisombwa haraka haraka na kurundikwa makambini. Zaidi ya 3,000 wa KAR walikufa kwa maradhi. Kwa wapagazi, wabeba mizigo ya jeshi, ndiyo usiseme: hesabu ya Waingereza wenyewe ya waliokufa inakaribia 95,000, na wengi wao hawakuguswa na risasi. Mtu aliyekulia ndizi au wali anapewa unga wa mahindi, muda wa kuupika hana, anaula nusu mbichi. Tumbo linaharibika, na mzigo bado uko kichwani. Aliyemtoa kwao ndiye aliyemfikisha hapo, kama vile aliyempeleka mwenzake mbele ya bunduki.

Wengine watasema tukikubali hili, kila marehemu ataitwa shujaa. Sivyo, kanuni ipo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola haiulizi mwanajeshi aliuawa na nini. Inatazama kama alikufa akiwa jeshini kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921. Mwingereza aliyekufa kwa mafua kambini kwao ana jiwe lenye jina lake. Wa kwetu je? Mwaka 2021 ripoti ya tume hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Nendeni Sanamu ya Askari pale Samora, Dar es Salaam. Tangu 1927 maandishi yake yanaahidi kwamba ukifa ukipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Izungukeni yote: hakuna jina hata moja.

Cape Town wameonyesha inawezekana. Januari 2025 ilizinduliwa kumbukumbu ya Waafrika Kusini weusi 1,772 waliotumikia bila silaha. Kila mmoja ana nguzo yake ya mvule, yenye jina na tarehe aliyokufa.

Pendekezo langu: Dar na Nairobi tuweke majina yote yanayopatikana kwenye kumbukumbu za jeshi, bila kutenga waliopigwa risasi na waliougua. Mnaopinga, semeni huo mpaka mngeuweka wapi: aliyekufa hospitalini kwa kidonda kilichooza mngemweka upande gani? Na mwenye jina la babu aliyeondoka asirudi, aliandike hapa.