Mnaoipa The Good, the Bad and the Ugly nyota moja, mliiangalia au mliipeleka mbele?

Wakuu salaam. Nina hasira na nitaandika kwa hasira, mtanivumilia.

Jumamosi iliyopita nilimwomba jamaa mwenye kibanda umiza mtaani kwetu atuwekee The Good, the Bad and the Ugly, ile muvi ya kauboi ya wanaume watatu, Blondie (mzuri), Angel Eyes (mbaya) na Tuco (mwenye sura mbaya), wanaogombania dhahabu iliyozikwa makaburini. Flashi nilikuja nayo mwenyewe, kopi ndefu kabisa, na kiingilio cha madogo sita nimelipa mimi maana hii muvi nimewasifia tangu mwaka jana. Dakika ya tano tu huko nyuma watu wameshaanza, mbona hawaongei hawa, peleka mbele bana, weka ya kupigana. Jamaa akashika rimoti akapeleka mbele. Akapeleka tena. Akafika makaburini, pale ambapo muvi nzima ya karibu saa tatu ndo inaelekea, akaona wanaume watatu wamesimama wanaangaliana, akaruka, tukaja kumkuta Angel Eyes anadondokea kaburini. Basi, imeisha hiyo. Banda zima likasema muvi mbovu, na madogo wangu nao wananiambia anko mbona ya kawaida tu.

Kilichonimaliza ni kwamba nimerudi home nikaanza kusoma watu wanasemaje kuhusu hii muvi nikakuta maneno yale yale ya bandani. Inaboa. Haina stori. Steringi haeleweki. Nyota moja, mbili. Alafu unamuuliza mtu ulipenda au hukupenda ile sehemu ya Tuco na kaka yake padri, anakujibu padri gani? Sasa wewe umeangalia nini??

Tuanze na hili la kuboa. Ndio, dakika kama kumi za mwanzo hakuna mtu anafungua mdomo, na hiyo ni makusudi. Angel Eyes anakuja juu ya farasi toka mbali kabisa, mtoto anamwona anakimbilia ndani, mama anamchukua mtoto wanatoka, yeye anaingia anakaa mezani kwa mwenye nyumba anajipakulia chakula cha mwenye nyumba anakula, na mwenye nyumba yuko mbele yake anakula huku anamwangalia. Vijiko tu ndo unavisikia. Mpaka neno la kwanza linatoka wewe umeshajua yule mzee hamalizi kile chakula. Ukipeleka mbele hapo unamwona mtu anapigwa risasi tu, kama kuku, humjui, huna uchungu naye, lazima uboreke!

Na pale makaburini ndo kabisa. Kwanza mnakosa Tuco anavyokimbia kati ya misalaba anatafuta jina la Arch Stanton, kaburi aliloambiwa lina dhahabu, muziki wa Morricone unapanda na yeye anazidisha mbio, kamera inazunguka naye mpaka misalaba inageuka mistari tu huioni tena. Muziki ule ule bendi ya roki ya Metallica wanafungulia nao shoo zao tangu miaka ya 80. Alafu wanasimama watatu kwenye duara, na kila ukiona mkono unasogea kwenye bastola unaona na jicho la mwenzake limeshauona ule mkono, na inakwenda hivyo polepole, mkono, jicho, mkono, mpaka unajikuta umeacha kupumua. Ukiruka hapo hujui kwamba bastola ya Tuco haina risasi, kwamba Blondie alishazitoa usiku, kwa hiyo muda wote ule yeye alikuwa na adui mmoja tu wa kumwangalia na Tuco alikuwa anatoka jasho la bure. Hujui hata jiwe lile katikati, ambalo Blondie kadai kaliandika jina la kaburi, halijaandikwa kitu, kwa sababu kaburi lenye dhahabu halina jina. Sasa hiyo ndo stori yenyewe jamani, mnairuka mnakuja kusema haina stori.

Hili la steringi nalo linaniuma maana najua linakotoka. Sisi tumekua na muvi ambazo steringi unamjua dakika ya kwanza, hafi, hakosei, adui ana sura mbaya, kwisha. Hapa mtu anayeitwa mzuri anashirikiana na mwizi kutapeli serikali, anampeleka Tuco kwa sherifu anachukua dola 2,000, kamba ikiwa shingoni anaikata kwa risasi wanakimbia wanagawana, wanahamia mji mwingine wanarudia. Alafu siku moja anamwacha jangwani bila maji. Huyo ndo mzuri! Na Tuco ambaye ni mbaya wa sura na tabia ndo mtu pekee tunayepelekwa mpaka kwa ndugu zake. Anamkuta kaka yake padri baada ya miaka mingi, anaambiwa mama alishakufa zamani na baba kazikwa juzijuzi tu, wanakwaruzana mpaka ngumi. Anatoka nje anapanda gari la farasi anamdanganya Blondie kwamba kaka yake anampenda sana hataki hata aondoke, kwamba hata jambazi kama yeye bakuli la supu kwa ndugu yake halikosi. Blondie aliona kila kitu. Hasemi alichoona. Anampa sigara yake avute. Tuco anavuta, anaiuma ile sigara kwa meno kisha anatabasamu. Mimi hapo kila nikiangalia namkumbuka marehemu baba, maana na mimi nilifika baada ya maziko. Mtu akiniambia hapo hakuna kitu naona kama kanitukana mimi.

Wengine eti picha imechoka, grafiki mbovu. Grafiki zipi, 1966? Sergio Leone, dairekta wake, ni Mwitaliano, kaitengeneza New Mexico ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wamarekani akiwa Hispania, na yale makaburi zaidi ya 5,000 ni wanajeshi wa Kihispania waliyatengeneza na kuyawekea misalaba kwa mikono yao kwenye bonde huko Burgos. Lile daraja lilijengwa kweli likalipuliwa kweli, na mara ya kwanza lililipuliwa kimakosa kamera hazijawashwa, ikabidi lijengwe upya lilipuliwe tena. Mnataka nini zaidi?

Na nyie wa kopi za kutafsiriwa. Nimekua nazo, sizidharau, bila zile kopi wengi wetu tusingejua kauboi ni nini. Lakini hii siyo muvi ya kutafsiri kwa mtindo ule, jamaa anaongea hata pale ambapo wenyewe hawaongei, anaufunika muziki wote, sehemu ya makaburini anawataja majina na kuhesabu nani atakufa. Ukiangalia hiyo useme umemsikiliza mtafsiri, muvi bado.

Sasa msije mkadhani nasema haina kasoro. Kuna mdada mmoja hapa mtaani kaiangalia mwanzo mwisho, saa tatu kasoro, hakugusa simu, akaniambia hakuipenda. Akasema wanawake humo ni wa kupigwa makofi na kufukuzwa chumbani tu, hakuna hata mmoja mwenye cha kwake. Kweli. Akasema pia hii vita ni ile ambayo utumwa ulikuwa kiini chake, sasa mbona kwenye stori utumwa haumo na hakuna hata mhusika mmoja mkubwa mweusi? Hapo sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Yeye akitoa nyota mbili nampa mkono. Midomo kutofuatana na sauti nako ni kweli, waigizaji walikuwa wanaongea kila mtu lugha yake na sauti zote zikaja kuwekwa baadaye. Bahati nazo zimezidi, bomu linadondoka kwenye hoteli sekunde ile ile Blondie ana kitanzi shingoni, mtu makini lazima akune kichwa.

Na nyie wenzangu mnaoipenda mna kosa lenu, mnawapa watu waanze na ile kopi iliyoongezwa 2003, dakika 179. Ile sehemu ya Tuco pangoni anatafuta wenzake wa kwenda nao Leone mwenyewe aliitoa, imerudishwa yeye akiwa ameshafariki. Na sauti ya Lee Van Cleef kwenye vile vipande vilivyoongezwa siyo yake, yeye naye alishafariki 1989. Mgeni hiyo inamchosha bure. Mpeni ya dakika 161 ashibe kwanza. Na mimi nililifanya kosa hilo Jumamosi, nakubali.

Ila kuna kitu kimoja jamaa wa rimoti alikiruka ambacho sijamsamehe. Daraja likishalipuka Blondie anaingia kwenye kanisa lililobomoka anamkuta askari kijana anakufa, anatetemeka. Hakuna mtu anamwona, dhahabu iko ng'ambo tu hapo, Tuco ameshaanza kusogea. Anavua koti lake refu anamfunika yule kijana, anamwekea sigara yake mdomoni. Kijana anavuta moshi mara chache, anakata roho. Haongei mtu. Alafu Blondie anaokota lile poncho liko pale pembeni analivaa, lile lile tulilolizoea kwenye zile muvi mbili za Leone zilizotoka kabla ya hii, A Fistful of Dollars na For a Few Dollars More, ndo unashtuka kumbe stori ya hii inatangulia zile.

Madogo wangu hawakuiona hiyo. Jumamosi ijayo nawawekea nyumbani, ile fupi, simu zote kwenye kapu, rimoti naikalia mimi. Aliyeiangalia yote na hakuipenda aje hapa aniambie kwa nini, ntamsoma mpaka mwisho.