Dokta kila nikienda lazima aniulize sigara, hata nikienda na goti. Kuna aliyeacha kwa maneno ya daktari kweli?

FundiSpana_Moro
Wakuu habari za mihangaiko. Mi fundi gereji hapa Morogoro, miaka 41, fegi nilianza nikiwa na 19 kwa kuiga madereva wa malori na sa hivi kwa siku napiga kama 15, kazi zikiwa nyingi pakiti inaisha naanza nyingine. Sasa kuna dokta ana zahanati mtaani kwetu, ndo anatutibu familia nzima, wanangu watatu wote kawaona toka wachanga na presha yangu yeye ndo aliigundua. Tatizo kila nikikanyaga pale lazima aulize sigara. Nimeenda na presha, kauliza. Nimeenda na goti, kauliza. Mwezi uliopita nimempeleka mama mkwe macho yanamuwasha, mi nimekaa zangu kwenye benchi, dokta akatoka kunisalimia, "vipi mzee, bado tunavuta?" Mbele ya mama mkwe!

Juzi kaja na jipya. Ukiamka ya kwanza unawasha baada ya muda gani? Nikamwambia ukweli, kabla sijapiga mswaki, akaandika kwenye faili kama trafiki anaandika faini. Halafu anataka tupange tarehe ya kuacha, niwe narudi kila wiki kwa wiki nne tuongee. Kuongea tu! Na kumuona elfu kumi. Kuna mtu maneno yalimtoa kwenye fegi au huyu jamaa anajaza faili lake?

mchokozi_wa_zamu
Elfu kumi ya kuongea mkuu njoo kijiweni kwetu tunaongea bure na kahawa juu 😂 Babu yangu kavuta mpaka 80 na ushee, kilichomuua ni kuanguka mnazini

AfisaTabibu_Dom
Fundi usimsikilize huyo wa mnazini. Mi ni afisa tabibu, naona wavutaji kila siku, na huyo dokta wako hakuonei, anafanya kazi ambayo wengi wetu tunairuka kwa sababu foleni ni ndefu nje.

Hii kitu ya maneno ya daktari ilishapimwa zamani. Mwaka 1979 Michael Russell na wenzake walitoa utafiti wa London, madaktari 28 wa kliniki za mitaani, wavutaji zaidi ya 2,000. Wale ambao hawakuambiwa chochote, walioacha ndani ya mwezi wa kwanza na mpaka mwaka unaisha bado hawavuti ni asilimia 0.3. Walioambiwa na dokta acha, wakapewa kikaratasi na kuambiwa tutakufuatilia, asilimia 5.1. Utasema ni wachache na kweli ni wachache, 95 kati ya 100 waliendelea kupuliza, lakini hapo dokta alitumia dakika moja mbili tu, hakuna dawa hakuna nini. Na angalia walioambiwa acha tu bila kikaratasi na bila kufuatiliwa, hao walikuwa 3.3. Kwa hiyo kile kinachokuudhi, narudi kila wiki narudi kila wiki, huenda ndo kinachosaidia.

Swali la ya kwanza unawasha saa ngapi nalo halikuwa la kujaza faili. Nikotini, ile dawa ya kwenye sigara inayomshika mtu, mwilini inapungua nusu kila baada ya masaa mawili hivi, ukiamka asubuhi tanki liko tupu. Mtu anayewasha ndani ya nusu saa tangu aamke imemshika vibaya, na ndo tunajua kama atahitaji dawa ya kumshikilia na kwa kipimo gani.

MboNgo_Reading
Mi niko Reading huku Uingereza, nimeacha mwaka wa 6 sasa. Nilienda kwa GP, yaani daktari wa mtaani, na mgongo, naye kauliza sigara 😂 kumbe ni wote. Nikapelekwa kwa nesi wa hapo hapo, kila wiki dakika kumi na tano. Ana kidude unapuliza kinasoma monoksidi kaboni, ile gesi ya jiko la mkaa inayoua watu waliojifungia chumbani, wiki ya kwanza kikasoma 22. Nikashtuka kwel. Wiki iliyofuata sijavuta, nikapuliza, 3. Yaani ile 3 ilinipa nguvu kuliko mahubiri yote ya mke wangu. Nikapewa viraka vya nikotini vya kubandika begani na bigijii ya nikotini. Ila nisikudanganye, hiyo ilikuwa mara ya tatu, mbili za mwanzo niliacha kibabe peke yangu nikarudi ndani ya wiki.

MamaPacha_Tanga
Mume wangu alikuwa kama wewe kaka yangu. Mwezi wa Ramadhani anafunga masaa 13 hana shida, adhana ikilia anawasha kabla hajagusa tende. Mtoto wetu ana pumu, kila mwezi tuko kwa dokta anavutishwa mvuke. Siku moja dokta akamwambia kwa upole tu, baba Swaumu, huyu mtoto namtibu mimi asubuhi, jioni unamrudisha wewe. Hakusema saratani wala mapafu meusi. Na akamwambia wewe kukaa masaa 13 unaweza, nakuona kila Ramadhani. Mume wangu hakujibu kitu, njia nzima kimya.

Akaacha. Wiki ya kwanza msiniulize, aligombana mpaka na jogoo wa jirani. Dokta alikuwa kaniita pembeni akaniambia siku tatu nne za kwanza ndo mbaya zaidi, usibishane naye, na hamu ikimpanda haikai, ni dakika chache inashuka, mpe kitu cha kufanya mdomoni. Nilikuwa namkatia mua, namwekea karafuu mfukoni. Amenenepa, mshipi wa suruali ameulegeza matundu mawili, lakini kuvuta havuti.

Kevo_Nakuru
Kwa walio Kenya kuna laini ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, ni bure, unaongea na mtu. Si lazima upange foleni kwa daktari.

FundiSpana_Moro
Dah hiyo ya namtibu asubuhi unamrudisha jioni imenichoma. Wa mwisho wangu anakohoa usiku na mi navutia barazani nikijua nje ni nje. Tabibu hizo bigijii na mtu mwenye presha vipi?

AfisaTabibu_Dom
Presha yako ana faili lake yeye, mwambie achague yeye, usiokote dawa kwa ushauri wa mtandaoni hata wangu. Ukipewa bigijii ya nikotini, kwa mtu wa kabla ya mswaki mara nyingi ni ile ya miligramu 4. Usiitafune kama Big G! Tafuna taratibu mpaka uhisi inawasha, ibane kati ya shavu na ufizi, ikipoa tafuna tena. Na robo saa kabla usinywe chai wala soda, haitafanya kazi. Wengi wanatafuna fasta wanapata kwikwi wanasema dawa mbaya. Tarehe iwe ndani ya wiki mbili hizi, usiseme baada ya Krismasi.

FundiSpana_Moro
Mrejesho wakuu. Leo siku ya 11. Dokta alinipigia simu siku ya tatu asubuhi, nilikuwa nina arosto nimemkaripia mteja, nikaona aibu. Juzi kwenye msiba nimechomoa moja kwa washikaji, nikaizimia nusu. Nilitaka nisimwambie ila nikamwambia, nikajua nitasemwa, akauliza tu ulikuwa umekaa na nani na ulikuwa unafanya nini, basi, tukaendelea. Na zile ziara nyingine hakutoza. Swali, mbona toka niache nakohoa zaidi?

AfisaTabibu_Dom
Hiyo hutokea, njia ya hewa inaanza kujisafisha. Ila kikohozi kikigonga wiki mbili, au ukaona damu, au jasho la usiku na unapungua, nenda kapime TB, usijipe moyo kwamba ni sigara inatoka.

mchokozi_wa_zamu
Fundi hiyo nusu uliyozima msibani uliitupa au uliiweka sikioni?

FundiSpana_Moro
Niliitupa. Mbele ya mama mkwe.