MREJESHO: Ramani ya mafuriko na kipindupindu mtaani

Wakuu, salaam. Niliuliza sisi wahudumu wa afya ngazi ya jamii, huku bonde la Msimbazi, Dar, tuchoreje ramani ya hatari kabla ya masika. Maji yakijaa vyoo vinatapika, na kipindupindu hakipigi hodi.

Tulianza na OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichangia, kama mlivyoshauri. Nyumba na mifereji mingi ilikuwamo tayari, kazi ya vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar. Tukaongeza visima na vyoo vya shimo. Kaya zenye wajawazito na wagonjwa tuliziandika daftarini tu; hayo si ya kuanika mtandaoni.

Aliyesema tuwaulize wazee maji ya Desemba 2011 yalifika wapi, ubarikiwe! Walituonyesha mpaka alama ukutani. Ndipo tukagundua stoo yetu ya dawa ya kutibu maji imo ndani ya eneo lililofikiwa na maji hayo. Tumeihamisha.

Kilichogoma ni GPS ya simu: vichochoroni inakosea mahali, kwenye ramani kisima kinaangukia sebuleni kwa mtu. Tumerudia kwa karatasi kubwa na kalamu, na mashina mawili (nyumba zilizo chini ya balozi mmoja mmoja) bado hayajaguswa. Asanteni sana.