Neno moja kutoka Millbrook

*Kikundi: Familia ya Nyanya, Wundanyi*

Mghoi (Halifax): Shikamoo Nyanya. Shikamooni wakubwa wote. Leo nimewapeleka watoto Millbrook, karibu na Truro, kama saa moja kwa gari. Kuna kituo cha urithi cha Mi'kmaq, wenyeji wa huku Nova Scotia, Kanada. Subirini picha.

Mghoi: 📷📷📷

Nyanya (anaandikiwa na Wawuda): Marahaba mjukuu wangu. Watoto wamenenepa, Mungu ashukuriwe.

Mjomba Mwakio: Na huyo jitu ni nani? Anapita paa!

Mghoi: Ni sanamu ya Kluskap, Mjomba, shujaa wa ngano zao. Mita 12 hivi. Unamwona ukiwa bado barabara kuu.

Shangazi: Kumbe Wami'kmaq bado wapo? Nilidhani ni watu wa kwenye vitabu.

Mghoi: Wapo Shangazi, na kituo ni chao, kiko kwenye ardhi yao. Dada aliyetutembeza ni wa hapo hapo. Tena alinisahihisha: mtu mmoja ni Mi'kmaw, wengi ni Mi'kmaq. Wingi tayari umo, hatuna haja ya kuongeza "wa".

Nyanya: Hicho kisanduku cha duara kimeshonwa shanga?

Mghoi: Hapana Nyanya. Ni miiba ya nungunungu! Wanailoweka mpaka ilainike, wanaitia rangi, kisha wanatoboa gome la mti, wao huliita maskwi, na kuichomeka mmoja mmoja. Ncha zinakunjwa kwa ndani. Nilikaa mbele ya kimoja mpaka watoto wakanivuta nguo.

Nyanya: Mimi nungunungu namjua kwa kunimalizia viazi shambani. Lakini mkono huo naujua. Anayesuka hivyo hana haraka. Nikuzie picha nione ukingo.

Mghoi: 📷 Huo hapo Nyanya.

Wawuda: Anaitazama, amevaa miwani. Anasema ukingo umefungwa vizuri kuliko wa vikapu vyake vya katani.

Mghoi: Sasa sikilizeni kilichonitoa machozi. Kwa Kimi'kmaw "nakupenda" ni *kesalul*. Neno moja! Mimi na wewe tumo humo humo, kama kwetu. Sisi tunaanza na "na-ku", wao wanaweka mwishoni, "-ul". Na majina yao yamegawanyika, yenye uhai na yasiyo na uhai, na kitenzi hufuata. Nikamwambia yule dada sisi tuna ngeli, akafurahi kweli.

Shangazi: Kesalul. Tamu!

Mghoi: Lakini wazungumzaji wamepungua sana. Kulikuwa na shule ya bweni Shubenacadie, nusu saa tu kutoka pale, 1930 hadi 1967. Watoto walichukuliwa kwa wazazi, na aliyesikika akisema lugha ya kwao alichapwa.

Mjomba Mwakio: Mghoi, hilo limenigusa. Shuleni kwetu ukisema Kidawida ulivishwa kibao shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako. Jioni wote waliokivaa wanachapwa. Sisi angalau tulirudi nyumbani jioni, tukakuta mama anatusemesha kwa lugha yetu.

Shangazi: Hukuwahi kutuambia, kaka.

Mjomba Mwakio: Nilikuwa na miaka minane. Ndiyo maana wanangu niliwalea kwa Kiswahili na Kiingereza tu. Niliogopa. Nilikosea.

Mghoi: Pole Mjomba. Huku mwaka 2022 jimbo lilipitisha sheria inayokitambua Kimi'kmaw kuwa lugha ya kwanza ya Nova Scotia. Yule dada anajifunza ukubwani, kwa bibi yake.

Nyanya: Mwakio, usijilaumu. Mghoi, hao watoto wako wanasema Kidawida?

Mghoi: Hapana Nyanya. Wanaelewa salamu tu.

Nyanya: Nipigie kesho baada ya kanisa. Uniwekee hao wawili mbele ya simu, na wewe usiwatafsirie.

Mjomba Mwakio: Na wangu wa Nairobi nitawaunganisha. Saa nane?

Nyanya: Saa nane. Wawuda, usisahau kuchaji simu.